Zamu ya Hilda Kisimani

Wako watu wanaodhani wema ni kama nyama mbichi: usipoila leo, kesho inanuka. Wahenga hawakuona hivyo. Walijua kwamba jambo jema ulilomtendea mwenzako hukaa likikungoja, hata kama wewe mwenyewe umelisahau.

Hilda alikuwa mtafiti wa wanyama wa majini. Alisomea nguva na kasa wa baharini, kisha akarudi kwao Nzuguni, na majirani wakamcheka hadi mbavu zikawauma.

"Bahari ya Dodoma iko mtaa gani?" walimuuliza.

Hilda alicheka nao, akafungasha virago, akaenda Gulwe kuchunguza viboko wa bwawa moja lililopakana na mto. Huko hakupokewa kwa vigelegele. Mzee Yotham, ambaye viboko walikuwa wamemmalizia mtama wake, hakutaka hata kuwasikia.

"Mwanangu," alimwambia, "wewe unahesabu viboko, mimi nahesabu mabua."

Hilda hakubishana naye, kwa maana mabua aliyaona.

Kiangazi kilipoanza, wanakijiji walichimba visima katika mchanga wa mto, kama ilivyo desturi. Siku moja kuta za kisima cha Yotham ziliporomoka huku ng'ombe wake wakilia kwa kiu. Hilda alikuwa akipita. Alivua viatu, akaingia shimoni pamoja na wengine, akatoa mchanga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Maji yalipochomoza alinawa uso, akaaga, akaenda zake.

Jua likazidi kuwaka. Bwawa likanywea, likabaki dimbwi la tope, na viboko wengine wakahama. Akabaki jike mmoja na ndama wake, ambaye asingeweza safari ndefu juani. Ngozi zao zilianza kupasuka. Ndama huyo ndiye pekee aliyezaliwa mwaka ule, na Hilda alimpenda, wala hakuona haya kusema hivyo. Aliomba gari la maji kutoka mjini, akaambiwa ni bovu, asubiri. Angesubiri vipi, na tope linakauka?

Ilibaki njia moja tu. Alikwenda kwa Yotham kwa miguu mizito, kuomba maji ya ng'ombe wa mtu ili amnusuru adui wa shamba lake!

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umekunja uso hivyo?"

"Nimekuja kuomba maji ya kisimani. Ni ya... viboko."

Mke wa Yotham, Anyesi, aliyekuwa akipepeta mtama, akaweka ungo chini.

"Hilda, unamwomba nani?"

"Nawaomba ninyi, mama."

"Hapa kwetu asiyechimba ndiye anayeomba. Kisima kilipoporomoka, si uliingia shimoni? Tangu siku ile una zamu yako ya kuchota. Tumekungoja wee, mwisho tukasema, huyu wa mjini kazoea bomba!"

Hilda alishika mdomo. Siku ile alidhani amesaidia tu. Kumbe alikuwa amechimba kisima chake.

Yotham akakohoa. "Viboko siwapendi, na sitawapenda. Lakini zamu ni yako, mnyweshe umtakaye." Alichukua jembe na ndoo, kisha akageuka. "Au utachota peke yako mpaka Krismasi?"

Walichimba mfereji kutoka kisimani hadi dimbwini, wakausiriba kwa udongo wa mfinyanzi kama wanavyosiriba mabirika ya ng'ombe. Maji waliyamwagia mferejini, mbali na dimbwi, kwa sababu kiboko mwenye ndama hana mzaha. Kila siku, ng'ombe walipokwisha kunywa, ilikuwa zamu ya Hilda, na majirani walioanza kwa kunung'unika waliishia kupokezana ndoo.

Hatimaye mvua ikanyesha, bwawa likajaa. Ndama alizama, akaibuka akipuliza maji puani. Hilda akaangua kilio cha furaha, Anyesi akapiga kigelegele, na Yotham akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo.

"Akikua," alisema, "mwambie shamba langu alijue, apite mbali."

Siku ile mto nao ulishuka kwa kishindo, ukavifukia visima vyote, cha Yotham kikiwemo. Mchanga ulifunika kila kitu isipokuwa kile ambacho Hilda alikitenda shimoni bila kutazamia malipo, kwa sababu wema hauozi.