Kwa Nini Anayegonga Kichuguu Huimba

Zamani hizo kichuguu kilikuwa hakigongwi. Kilisimama shambani kikaheshimiwa, na kumbikumbi walitoka siku waliyoitaka wenyewe, mvua ya kwanza ikishanukia. Watu wa kwetu hawakuwa na kalenda nyingine. Kumbikumbi wakiruka, mbegu inaingia ardhini; wasiporuka, mbegu inakaa kibuyuni hata kama watoto wanalia njaa. Haya niliyapokea kwa nyanya yangu, naye alikuwa akiyachanganya kidogo, kwa hiyo mkifika mahali pasipoeleweka msinikodolee mimi macho.

Alikuwako mwanamke mmoja mjane, jina lake Nasipwondi, mfuga kware. Aliwaweka katika tundu la fito lililotundikwa juu ya mti mrefu uliochimbiwa uani, dume likiita huko juu, na kware wa porini wakija kunaswa kwenye mitego chini. Hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yake. Mwaka ninaousema kiangazi kilikataa kuondoka, na katikati yake jike lake likaangua vifaranga kumi na kimoja.

Sasa kifaranga cha kware hakitaki nafaka. Kinataka kitu kinachotambaa. Nasipwondi akajaza chungu kinyesi cha ng'ombe na mabua yaliyolowa, akakifudikiza kwenye njia ya mchwa kama tunavyofanya hadi leo. Asubuhi akafunua, akakuta mchwa saba. Wengine walikuwa wameshuka chini kabisa kufuata unyevu. Akaozesha ndizi, nzi wakaja wengi, lakini kila alipofungua tundu awatie, nao wakaruka wakaenda zao. Vifaranga viwili vikafa. Akalia, maana dume lake lilikuwa limezeeka, na bila hao hatakuwa na dume la kuita mwaka ujao.

Hata kutwanga kulimpa taabu. Kware akishtuka huruka wima, akagonga kichwa kwenye dari la tundu, na mchi wake ulikuwa ukiwashtua. Basi akabeba kinu, akakipeleka mpakani mwa shamba, penye ardhi ngumu kando ya kichuguu. Huko akatwanga mtama wake, du, du, du, mchana kutwa, jua linawaka, mbinguni hakuna hata wingu la kufutia jasho.

Akainua macho, akaona kumbikumbi wanatoka.

Nasipwondi alitazama juu, akatazama chini, akatazama tena juu. Hakuelewa. Nao kumbikumbi hawakuelewa. Wengine waliruka, wengine walifika mlangoni wakarudi ndani wakigongana na waliokuwa wakitoka. Lakini mwenye njaa hasubiri kuelewa. Akafunika kichuguu kwa majani ya migomba, akaacha upenyo mmoja tu, na mbele yake akachimbia chungu. Wakaporomoka humo wakiwa hai, wakijaa. Vifaranga vilikula siku hiyo mpaka vikalala vimeegemeana.

Wale waliokwisha kuruka walipita juu ya boma la jirani yake, Lusweti. Lusweti akapiga yowe la furaha, akachukua kibuyu chake cha mbegu, akapanda. Waliomwona wakapanda. Kesho yake Nasipwondi akatwanga tena, kumbikumbi wakatoka tena, na waliokuwa wanasitasita nao wakapanda. Mnacheka? Nasipwondi mwenyewe alipanda! Aliwaona kumbikumbi kwa macho yake, angefanyaje?

Siku ya tatu hakuwa na cha kutwanga, na kumbikumbi hawakutoka. Siku ya nne vivyo hivyo. Siku ya tano alitwanga, wakatoka. Ndipo akashuku kuwa kumbikumbi wanaudhania mchi wake kuwa ni mvua. Akatwanga kinu kitupu, wakatoka. Akaacha, wakakoma. Akageuka kutazama mashamba. Njiwa walikuwa wamejaa mavumbini, wakiokota mbegu ya kijiji kizima moja moja.

Angeweza kunyamaza. Vifaranga vilikuwa vimenenepa, na hakuna aliyemshuku. Lakini bado zilibaki nyumba chache ambazo hazijapanda, na kila alipotwanga alikuwa anazimalizia. Akaenda kwa Biketi, mzee aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya mambo ya kupanda.

"Baba, hiyo mvua ni mimi," akasema.

"Mvua gani? Hakuna mvua, mama."

"Ndiyo hiyo hiyo isiyokuwako."

Biketi akadhani jua limemwingia kichwani, akamletea maji. Ikabidi watu wote waitwe kichuguuni, na Nasipwondi akatwanga mbele yao. Kumbikumbi walipochomoza, watu wakaguna. Mngetegemea sasa wameelewa. Thubutu! Lusweti, ambaye kibuyu chake kilikuwa kitupu na watoto wake sita, alisimama katikati.

"Kumbikumbi wakija, mvua huwa nyuma yao," akasema. "Huyu ametwanga kidogo tu. Tutwange sote!"

Na wakatwanga. Naona aibu kuwasimulia. Vinu vikaletwa kutoka kila boma, wasio na vinu wakagonga kwa fimbo, kumbikumbi wakatanda hata mtu hamwoni mwenzake, mpaka jua likachwa na mikono ikatoka malengelenge. Mvua haikuja. Lusweti aliketi chini akajifunika uso.

Biketi hakumlaani mtu. Alikusanya mbegu kutoka nyumba tano ambazo hazijapanda, na nyingine kati ya hizo zilichelewa kwa uvivu tu, akazigawa kwa kila boma, kiasi cha kujaza viganja viwili. Kisha akatoa sharti: atakayegonga kichuguu aimbe kwa sauti, kuanzia pigo la kwanza hadi la mwisho, ili kila anayesikia ajue kuwa kumbikumbi hao wameitwa na mtu.

Baada ya mwezi kumbikumbi walitoka, na hakuna aliyesikia wimbo. Lakini nani angethubutu kupanda? Watu walikimbia boma hadi boma wakiulizana, "Wewe umegonga? Umeimba?" Wakafurika kwa Nasipwondi. Wakamkuta ameketi kizingitini, mikono yake mitupu ameielekeza kwao waone hakushika mchi, machozi yanamtoka. Hapo ndipo walipopanda, na usiku huo mvua ikanyesha.

Viganja viwili havijazi ghala. Mavuno yalikuwa machache, na njaa iliingia kwanza kwa Lusweti. Nasipwondi alishusha tundu, akawachukua wale kware tisa aliowakuza, na dume na jike lake, akampelekea jirani yake wakapikiwe watoto. Alirudi na tundu tupu, na nyanya yangu alisema hakulitundika tena.

Na tangu siku hiyo, kila anayegonga kichuguu kutafutia ndege wake chakula huimba, awe na sauti nzuri au ya chura kama yangu, awe na furaha au ametoka kuzika. Nanyi mkisikia fimbo inagonga na mdomo haufunguki, kimbieni mkaushike mkono huo, kabla jirani hajafungua kibuyu chake cha mbegu.