Kovu Lililopimwa kwa Vidole

Akina mama, acheni kwanza kujipepea, mnisikilize. Palikuwa na mwanamke mmoja aliyepasuliwa kifua. Madaktari walimtoa mshipa mguuni wakaupandikiza moyoni, damu ipite pembeni ya ile mishipa iliyoziba. Akapona. Lakini kovu lile! Kanisa zima lililijua kuliko Sala ya Bwana. Harusini analifunua, msibani analifunua. Kwenye jumuiya supu anaanza yeye, na ukimtangulia anakuuliza, "Wewe ulipasuliwa lini?"

Miaka tisa ikapita. Jirani yake, mshona magauni aliyehamia pale mtaani, naye akabanwa na moyo. Akalazwa Jumanne. Wakampitishia waya mwembamba mkononi mpaka moyoni, wakazibua mshipa, wakaacha humo kibomba kidogo cha wavu usizibe tena. Alhamisi yuko nyumbani, Jumapili yuko kanisani. Vigelegele!

Mwenye kovu hakupiga hata kimoja. "Moyo gani huo wa kutibiwa mkononi? Mimi nilipasuliwa kama samaki!"

Mwezi haujaisha, maumivu ya kifua yakamrudia. Daktari akamwambia, "Mama, ule mshipa tuliokupandikiza umeziba. Safari hii tutapitia mkononi."

"Kama yule mshonaji? Sitaki. Nipasueni."

"Kukupasua tena ni hatari, mama. Unaweza usiamke."

"Basi nife na heshima yangu."

Akageukia ukuta. Siku mbili anakataa, pumzi zinampungukia, wanawe wamelia mpaka wamechoka. Ndipo mshonaji akaja wodini na chupa ya uji.

"Shoga, utakufa kwa kuogopa waya?"

"Nyamaza wewe! Umezoea mteremko. Kisu utakijulia wapi?"

Mshonaji akaweka chupa chini, akafungua vifungo vya blauzi. Kovu, kutoka chini ya shingo mpaka juu ya tumbo.

"Nilipasuliwa miaka mitatu kabla yako, sijahamia kwenu. Na mimi mshipa wa kupandikizwa uliziba, ndipo ukaja waya. Mara ya kwanza sikuwa hata na wa kunikorogea uji. Ningemwonyesha nani?"

Mnadhani mwenye kovu alilia? Alimkumbatia mwenzake? Thubutu! Aliinuka kwenye mto, akanyoosha vidole, akapima la mwenzake, akapima lake.

"Langu limezidi vidole viwili," akasema. Kisha akaagiza daktari aitwe, akampa mkono apitishe waya.

Mnacheka. Chekeni, lakini nani humu hajawahi kupima? Tunamwona mwenzetu ameinuka upesi, tunasema Mungu anampendelea. Na akituonyesha jeraha, badala ya pole tunatoa la kwetu tulinganishe. Yule mama alizibuliwa mshipa, yu hai mpaka leo. Wivu wake daktari hakuugusa, maana kwenye picha zake hauonekani. Huo ni kazi yetu wenyewe.

Mwenzako huyo ameketi hapo, benchi moja nawe. Kabla hujatoa sadaka, mwambie pole. Wala usimsimulie wewe uliumwa wapi.