Nakijwa na Dawa Zake Mbili

"Waganga wawili wasiojuana, uwanja ni mgonjwa." Mmeisikia leo, wanangu, mkacheka, kisha mkauliza imetoka wapi. Chanzo chake ni hiki.

Huko milimani Upare aliishi mfinyanzi mmoja, Nakijwa, mama mkaidi kidogo. Alipozidiwa na maumivu ya kichwa, nesi wa zahanati alimpima, akamkuta na presha, akampa vidonge. Shemeji yake Mbonea, mganga wa mizizi, naye akamletea chupa ya dawa. Nakijwa hakutaka kumvunja moyo yeyote. Isitoshe, wazee walishikilia kwamba dawa ya mizizi ikitajwa huisha nguvu. Basi nesi alipomwuliza kama anatumia dawa nyingine, alijibu, "Hapana, mwanangu." Shemeji naye hakuambiwa habari za vidonge. Asubuhi kidonge, jioni mizizi, na moyoni akajiona mjanja kweli: ugonjwa ungekimbilia wapi?

Kichwa kiliacha kuuma, kizunguzungu kikaanza. Akasema ni uchovu tu. Siku ya kuchoma vyungu aliinama kuongeza kuni, macho yakaingia giza, akaanguka kando ya moto. Majirani walimvuta, pindo la kanga yake likiwa limeshaanza kuungua.

Nesi na Mbonea waliitwa wote wawili. Walipoona vidonge na chupa kichwani pa kitanda, wakasahau mgonjwa.

"Vidonge vyenu hivyo!" alifoka Mbonea.

"Vidonge, au chupa yako, baba?"

Nakijwa aliwasikia kwa mbali. Aliogopa sana. "Kila mmoja ananitibu vizuri," alinong'ona, "ndiyo maana nakufa. Hamjuani, na uwanja wenu ni mimi."

Wakamgeukia mgonjwa. Nesi akapima presha, akaikuta imeshuka mno. "Baba, vidonge vyangu vinashusha presha. Dawa yako je?"

Tangu enzi za babu yake Mbonea, hakuna aliyekuwa ameitaja ile dawa. Mbonea aliitazama chupa, akaitazama midomo ya shemejiye iliyopauka.

"Nayo inashusha," alisema, akautaja mzizi kwa jina lake mbele ya watu wote.

Dawa zote zikasimamishwa, miguu ya mgonjwa ikainuliwa, akabebwa kwa machela hadi hospitali. Alipona. Tangu hapo, kila aliyemletea dawa alikuta nyingine zote zimepangwa mezani, na Nakijwa amekaa pembeni akimwambia, "Salimianeni kwanza. Waganga wawili wasiojuana, uwanja ni mgonjwa."