Firigisi ya Noeli

Wahenga hawakuwa watu wa kupoteza maneno. Waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, walikuwa wamekwisha kuona nyumba nyingi zilizoanguka kwa sababu ya uwazi ambao kidole cha mtoto kingetosha kuufunika. Ufa huzibwa kwa konzi moja ya udongo. Ukuta ulioanguka hudai matofali, maji, jasho na msimu mzima wa kiangazi. Na kama hivyo ndivyo ilivyo kwa nyumba, ni zaidi sana kwa watu. Ukuta wa udongo huanguka kwa kishindo na kila mtu akasikia, lakini ujirani huanguka kimya kimya.

Katika mji wa Likasi, mtaani Kikula, aliishi mjane mmoja jina lake Rosalie, pamoja na mwanawe Constantin, mkaza mwana wake Berthe na wajukuu wawili, Julie na mdogo wake Germain. Ulikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na nne, nayo ilikuwa miaka ya ukata. Kiwanda alimofanya kazi Constantin kilikuwa kimenyamaza kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Wanaume waliozoea kuamshwa na king'ora sasa waliamka kwa mazoea tu, wakaketi vizingitini na kuitazama barabara. Kila kipande cha ardhi kati ya nyumba na nyumba kilikuwa kimelimwa mahindi, hata mahali palipokuwa na maua zamani.

Lakini nyumba ya Rosalie ilikuwa na mila moja ya Noeli ambayo ukata haukuweza kuigusa. Rosalie aliirithi kwa mama yake, mwanamke wa Kapolowe, naye aliilinda kama mboni ya jicho. Siku ya Noeli, kabla mtu yeyote wa nyumba hajatia mkono katika chakula, sahani ya kwanza ilitoka kwenda kwa mtu ambaye nyumba ile ilikuwa imegombana naye mwaka huo. Haikupelekwa na mtoto. Ilibebwa na yule yule aliyegombana. Ndani yake iliwekwa firigisi ya kuku, kipande ambacho katika nyumba za huko hakiliwi ila na baba mwenye nyumba. Na chungu hakikufunuliwa kwa ajili ya wengine mpaka aliyepelekewa awe ameonja, kwa maana, Rosalie alisema, sahani iliyopokewa bila kuonjwa ni salamu isiyoitikiwa.

Kwa njia hiyo watu wengi walikuwa wameila firigisi ya nyumba ile. Mwaka mmoja sahani haikuvuka hata kizingiti: Rosalie aliibeba mpaka chumbani akampelekea mumewe mwenyewe, ambaye alikuwa hasemi naye tangu mwanzo wa juma. Marehemu aliila huku akinung'unika kwamba ingekuwa yake hata bila ugomvi.

Mwaka huo wa tisini na nne hapakuwa na haja ya kuuliza sahani ingekwenda kwa nani. Nyuma ya ua wa miti aliishi Orpha, mwanamke hodari aliyelea watoto watatu peke yake, aliyefuga mbuzi na kusali katika kanisa dogo la wokovu. Mtaa mzima ulimwita Mama Glodie, kwa jina la binti yake wa kwanza. Mwezi wa Machi, mbuzi wake walipenya uani wakayala mahindi ya Constantin, yale yaliyokuwa yameanza kukomaa, yale ambayo yangeilisha nyumba mpaka mvua nyingine. Constantin akarusha jiwe, nalo likamvunja mbuzi mmoja mguu. Kesho yake wakakutana bombani, mbele ya wanawake wenye ndoo zao.

"Mama Glodie, weye na mbuzi zako muko na imani moja," Constantin alisema kwa sauti ya kusikika. "Kuomba hamuombi, munakula tu!"

Orpha akaitua ndoo yake polepole. "Aksanti, Baba Julie. Lakini minye nitakuambia kitu kimoja. Mwanaume mwenye kazi hapigani na mbuzi. Saa hii yuko kazini."

Watu wakacheka. Kicheko kile kilimkaa Constantin kama mwiba wa samaki kooni: hakikumwua wala hakikutoka. Tangu siku hiyo nyumba mbili zilizozoea kupeana makaa ya moto na chumvi hazikusalimiana tena. Watoto walikatazwa kuvuka ua. Berthe alipopishana na Orpha njiani, kila mmoja aliitazama miguu yake kana kwamba amepoteza sindano.

Siku ya Noeli ikafika. Asubuhi wote isipokuwa Rosalie walikwenda misani, na waliporudi Rosalie alimchinja jogoo wa mwisho wa nyumba. Jogoo huyo hakuwa wa sikukuu tu. Alikuwa pia wa kuagana. Siku ya pili yake Constantin alikuwa aondoke na wenzake kwenda Kakanda kuchimba mawe ya shaba kwa mikono, maana mkono mtupu haulambwi, na huenda asingerudi kabla ya Pasaka. Naye Berthe alikuwa ameingia mwezi wake wa kujifungua. Miguu ya Rosalie ilikuwa imevimba hata hakuweza kwenda mbali kuliko mlango wa ua. Mtu mzima wa pekee ambaye angeweza kuisikia sauti ya Berthe na kumkimbilia alikuwa Orpha. Berthe alilijua jambo hilo na alikuwa halisemi.

Jogoo alipoiva na harufu yake kuijaza nyumba, Rosalie alipakua kipande cha paja, wali kidogo, na juu yake firigisi. Akaifunika sahani kwa kitambaa cheupe, akamkabidhi mwanawe.

"Mama," Constantin akasema, mikono yake ikiwa nyuma, "mwaka huu tusamehe. Yule mwanamke alinivua nguo mbele ya watu. Nimpe na firigisi yangu? Kesho atataka nini tena?"

"Hiyo si firigisi yako," Rosalie akajibu. "Ni ya Noeli."

"Basi apeleke Berthe."

"Berthe ndiye aliyesema maneno ya bombani?"

Rosalie akachukua kifuniko, akakifunika chungu, kisha akavuta kigoda chake na kuketi kando ya mbabula, lile jiko lao la makaa, huku mkono wake mmoja ukiwa juu ya kifuniko kama mtu anayemtuliza mnyama. Germain akaanza kulia. Julie akamnong'oneza mdogo wake, ingawa wote walimsikia: "Nyamaza. Bibi akikaa hivyo, hata Padri hali."

Ndipo Berthe akasema. Alikuwa ameegemea mlango, mkono kiunoni. "Baba Julie, kesho kutwa utakuwa Kakanda. Siku itakapofika, nikipiga kelele, unataka nani asikie?"

Constantin alimtazama mkewe, akalitazama tumbo lake. Swali lile halikuwa na majibu mawili. Akaichukua sahani.

Uani kwa Orpha hapakuwa na moshi wala harufu ya chakula. Jiko lilikuwa baridi. Orpha alikuwa ameketi mkekani na wanawe, Biblia ikiwa wazi magotini, na alipoisikia hodi ya Constantin alisimama kwa mshangao mkubwa.

"Ni minye, Mama Glodie. Nimeleta sahani ya Noeli." Akakifunua kitambaa ili aione firigisi, na mvuke wa kuku ukawapanda usoni wote wawili.

Uso wa Orpha ukabadilika. "Kumbe umekuja kunijaribu! Kanisa yetu yote iko mu mufungo leo, tangu asubuhi mpaka jua lishuke. Tunaombea inchi. Mutaa muzima unajua! Na weye unaniletea kuku chini ya pua? Maneno ya Machi hayakukutosha?"

Constantin akaduwaa. Mtaa mzima ulijua, isipokuwa nyumba yake. Lilikuwa kosa ambalo haliwezi kufanywa na mgeni wala na rafiki. Hufanywa tu na jirani aliyeziba masikio yake mwaka mzima. Hasira ya zamani ilimpanda, na mguu wake mmoja ukageuka kuelekea ua. Lakini akamkumbuka Berthe aliyeegemea mlango, akaurudisha mguu.

"Sikujua," akasema. "Naapa kwa jina la baba yangu, sikujua. Ungetarajia nijue vipi? Hatusemi." Kisha akamweleza mila ya nyumba yao: jinsi firigisi inavyotolewa na nani huibeba, na jinsi chungu kinavyobaki kimefunikwa mpaka mpewa aonje.

Orpha alimsikiliza akiwa amekunja mikono. "Kwa hiyo watoto wako hawajala? Wananingojea minye?"

"Mama ameshika kifuniko. Unamjua mama."

"Namjua. Hata malaika Gabrieli hatakifunua." Midomo yake ilitaka kutabasamu, akaizuia. Akatazama upande wa pili wa ua, ambako kilio cha Germain kilikuwa kikisikika, kisha akaitazama sahani. Hatimaye akanyosha vidole. "Mungu anaona. Nitaonja kidogo tu, watoto wakule. Nitamwomba msamaha jioni."

Ikawa hapo ndipo Constantin alipofanya jambo ambalo hakuna mtu aliyemtuma. Aliifunika sahani kwa kiganja chake. "Hapana, Mama Glodie. Usivunje nadhiri kwa sababu yangu. Mama yangu iko na sheria yake, na weye uko na yako, na zote mbili ni za Mungu. Kaa na sahani. Tutangoja jua."

Aliporudi nyumbani mikono mitupu, Rosalie alimwuliza bila kuondoa mkono juu ya kifuniko: "Ameonja?"

"Bado. Anafunga mpaka jua lishuke. Nimemwambia tutamngoja."

"Nani alikuagiza useme hivyo?"

"Hakuna, Mama."

Rosalie alimtazama mwanawe jinsi mwalimu mkali anavyolitazama daftari la mwanafunzi ambamo hakupata mahali pa kutia wino mwekundu. "Basi tutangoja," akasema.

Wakangoja. Germain, kwa sababu ya udogo wake, alipewa kikombe cha munkoyo, kile kinywaji kitamu cha mizizi na unga wa mahindi, pamoja na konzi ya karanga. Wengine walikaa kuzunguka chungu, na wapita njia walioingia kuwatakia heri walitazama kwa mashaka familia iliyojipanga kimya mbele ya kuku aliyeiva.

"Kuna msiba?" mmoja akauliza.

"Hakuna," Julie akajibu kwa huzuni. "Kuna firigisi."

Mvua ikanyesha na kukatika. Njaa iliwauma wote kwa usawa, na ajabu ni kwamba Constantin, ambaye mwanzoni alikataa kuibeba sahani, ndiye aliyewasimulia watoto hadithi ili wasiisikie. Hata alipodhihakiwa na rafiki yake mmoja kwamba amefungishwa na mwanamke wa mbuzi, alicheka tu. Mwiba wa samaki ulikuwa umeshuka, naye hakujua ulishuka lini.

Jua lilipozama nyuma ya mabomba marefu ya kiwanda, ua ukatikisika. Orpha akatokea, sahani mikononi, ikiwa imefunikwa kitambaa kama ilivyotoka. Glodie alimfuata na sinia la bukari, ugali wao wa mahindi, lililokuwa bado linafuka moshi, na wadogo zake wawili wakabeba bakuli la sombe. Harufu ya majani ya muhogo na karanga ikaungana na harufu ya kuku.

"Sahani ya upatanisho hailiwi gizani peke yako," Orpha akasema. "Mama Rosalie, nimekosea?"

"Hukukosea, binti yangu. Keti."

Orpha akaketi. Mbele ya macho yao wote akaikata firigisi vipande viwili, akala kimoja, na cha pili akakinyosha kwa Constantin. "Kula, Baba Julie. Lile neno la kazi lilitoka mdomoni kabla ya kupita moyoni. Hakuna mwanaume mwenye kosa kwa sababu kiwanda kimenyamaza. Unisamehe."

Constantin akakipokea kwa mikono miwili. "Na minye nilimpiga asiye na kosa. Mbuzi hajui mpaka wa shamba. Mwenye kujua mipaka ni mtu, na ni mimi niliyeivuka. Unisamehe na weye."

"Yule mbuzi anachechemea mpaka leo," Orpha akasema. "Lakini anakula vizuri kuliko wale wazima!"

Kicheko kikapasuka, na safari hii Constantin ndiye aliyecheka zaidi ya wote. Rosalie akaondoa mkono wake, akakifunua chungu. Jogoo mmoja kwa watu tisa si nyama nyingi. Kila mtu alipata kipande cha kumezea tonge mbili tatu, na hakuna aliyenung'unika. Watoto wa nyumba mbili walikula sinia moja, wakigombania ukoko wa bukari kama ndugu wa tumbo moja.

Walipokwisha kunawa, Orpha aliuweka mkono wake juu ya tumbo la Berthe, akalisikiliza kwa vidole, akaitikia kwa kichwa, kwa utaalamu wa mwanamke aliyezaa mara tatu. Kisha akamgeukia Constantin.

"Nenda Kakanda, na Mungu akutangulie. Mama Julie akiita mara moja tu, minye nitakuwa nimekwisha kuvuka."

Constantin aliinamisha kichwa, na Rosalie, ambaye hakuwa mwepesi wa sifa, alimshika bega mwanawe kwa mkono ule ule uliokuwa umeshika kifuniko. Siku ya pili yake mwanaume yule aliondoka alfajiri na moyo mwepesi, akiiacha nyumba yake salama upande ule ambao kwa miezi mingi ulikuwa wa adui. Konzi moja ya udongo ilikuwa imetosha, kwa sababu ilitiwa kabla ukuta haujaanguka: kweli tupu, usipoziba ufa, utajenga ukuta.