Picha Iliyoanguka Barabara ya Lukumburu

Wa mbele huangusha, wa nyuma huokota. Methali hii mmeisikia leo kwa dereva wa lori, mkacheka, kisha mkaja kuuliza nani aliyeitunga. Hakuna aliyekaa chini akaitunga, wanangu. Ilizaliwa barabarani, na ilianza hivi.

Alikuwapo mwalimu wa fizikia pale Morogoro, Skolastika Komba, mzaliwa wa Songea. Miaka hiyo simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia, na mwanamke kuvaa suruali tu kulitosha kuwa habari ya mtaa. Skolastika alivaa suruali, na zaidi ya hapo akaendesha pikipiki ya mbio: kubwa, ya buluu, aliyoinunua kwa mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao. Ukiikalia ile unainama mpaka kidevu kinakaribia tenki, na ukiipa moto kidogo tu, miti ya kando inageuka ukuta.

Mumewe, Atilio Kihwelo, alikuwa bwana shamba. Yeye alikuwa na pikipiki yake ndogo ya kuzungukia wakulima, ngumu, isiyojua haraka. Mara moja tu alikubali kupakiwa nyuma ya mkewe. Aliposhuka alisema kiti kile ni sawa na kukaa dirishani huku nyumba inakimbia, na hakurudia tena. Walipendana sana, lakini barabarani kila mmoja alikwenda na chake.

Mwaka mmoja wakapanga kwenda Songea kwa mama yake Skolastika, Bi Eufrasia. Haikuwa safari ya salamu tu. Nyumba ya mama ilikuwa imeungua zamani, na picha zote za marehemu mumewe, Mzee Dominikus, zilikwenda na moto. Mama aliandika katika barua kwamba sura ya mzee imeanza kumtoka. Sauti anaikumbuka, mikono anaikumbuka, lakini uso unamponyoka. Barua ile ilimkosesha Skolastika raha. Alitafuta mwaka mzima, mpaka akampata seremala mmoja mzee aliyewahi kufanya kazi na baba yake. Seremala alikuwa na picha moja: Mzee Dominikus ameshika randa, anacheka. Skolastika akaitia kwenye fremu ya kioo, akaizungushia vitenge alivyomnunulia mama, akaiweka begini.

Atilio alimshauri begi lipande kwake, kwa kuwa yeye alikuwa na keria imara ya chuma. Skolastika akakataa. Alitaka kuifikisha kwa mkono wake mwenyewe, na kusema kweli alihofu kwamba kwa mwendo wa mumewe picha ingefika imezeeka. Akalifunga begi kwa mipira juu ya kile kiti kidogo cha nyuma.

Siku ya kwanza walilala Makambako, na Skolastika alilala amechoka kungoja. Mikumi alimngoja mumewe, Iringa akamngoja, Mafinga akanywa vikombe vitatu vya chai akimngoja. Kwa hiyo siku ya pili, walipoivuka Njombe na ukungu ukaanza kuinuka, walikubaliana wakutane kwenye mgahawa wa Lukumburu, naye akaiachia pikipiki. Kona za milima ile zinafuatana bila kupumzika. Skolastika alizilalia moja baada ya nyingine, kulia, kushoto, akiimba ndani ya kofia yake ngumu, moyo mweupe.

Mgahawani aliagiza chai na viazi vya kuchemsha. Akala, akamaliza. Nusu saa ikapita, kisha saa nzima. Akaanza kuyapanga maneno ya kumpokelea mumewe, na hayakuwa maneno matamu. Mwishowe aliinuka ili aitazame barabara vizuri, na hapo ndipo macho yake yalipoliangukia begi. Lilikuwa limenywea. Zipu ilikuwa imeachana toka mwanzo hadi mwisho, na ndani ulibaki mche wa sabuni peke yake.

Kwanza akilini alimwona mama yake mlangoni, amenyoosha mikono kupokea kisichokuwapo. Kisha likamjia wazo jingine, zito kuliko la kwanza: saa moja na nusu imepita na Atilio hajatokea. Akazikumbuka zile kona, akayakumbuka malori ya mahindi. Akageuza pikipiki.

Alirudi polepole, kwa mwendo ambao hakuwahi kuujua. Kila kona aliiomba isimwonyeshe pikipiki iliyolala ubavu. Picha aliisahau kabisa.

Alimkuta mbali sana, karibu na shamba la viazi. Atilio alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro, suruali imekunjwa magotini, miguu ina tope, shingoni amejitundika vitenge viwili vya mama mkwe. Kando yake vilipangwa vizuri paketi ya majani ya chai, fremu iliyovunjika kioo na kiatu kimoja cha Skolastika. Koti lake alilishikilia kifuani kama mtu mwenye baridi.

Skolastika akaitupa kofia majanini, akamkimbilia. Alimpapasa mabega, akampapasa kichwa, ndipo akauliza.

"Umeumia? Mbona umekaa hapa?"

"Sijaumia," alisema Atilio. "Baba mkwe amelowa. Nimemwambia tupumzike kwanza akauke."

Akafungua koti taratibu. Picha ilikuwa ndani, imelala juu ya shati lake.

Alimweleza kwamba vitu vilianza kuonekana kilomita nyingi nyuma, kimoja hapa, kingine kule, naye akawa anasimama kwa kila kimoja. Fremu aliikuta tupu. Akina mama waliokuwa wakipalilia viazi waliacha majembe wakaingia naye mtaroni, na mmoja wao ndiye aliyeiona picha imeganda kwenye jani.

Skolastika alilia, kisha akacheka, kisha akalia tena.

"Nisamehe. Mimi kule nilikuwa nakutukana."

"Nilijua," alijibu Atilio. "Ndiyo maana sikuharakisha."

Waliingia Songea jua linazama, pikipiki ndogo mbele, ile kubwa ikinguruma nyuma yake kama ng'ombe aliyefungwa. Bi Eufrasia aliipokea picha kwa mikono miwili. Ilikuwa na doa la maji pembeni. Aliitazama kwa muda mrefu, akagusa meno ya mzee kwa kidole.

"Pengo lake hili," alisema. "Nilikuwa nimelisahau pengo lake."

Baadaye, watu walipokwisha kunawa, Skolastika alimsimulia mama yote bila kujificha. Bi Eufrasia akamtumbukizia mkwewe sahanini kipande cha nyama kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, akasema yale maneno kwa mara ya kwanza. Majirani waliokuwapo wakayachukua, na madereva wakayasambaza.

Wakati wa kurudi, Skolastika alimwomba mumewe atangulie. Karibu na Mafinga akaona ndala katikati ya lami, ya mguu wa kushoto, kubwa, anayoifahamu. Akasimama, akaikung'uta vumbi, akaitia ndani ya jaketi lake, akaendelea kumfuata bila kupiga honi.

Wa mbele huangusha, wa nyuma huokota.