Mtungi wa Ukweni

Sogeeni, hadithi iko mlangoni, ifungulieni.

Palikuwa na mama mchanga, Mwatime, na ukweni kwake kulikuwa na mtungi wa ajabu: ukichungulia maji yake, unajiona kwa macho ya aliyekunywa kabla yako. Na desturi ya nyumba ile, mke wa mwana hunywa mwisho, baada ya wifi.

Basi asubuhi akichungulia, ajiona ana mikono ya mti. Adhuhuri, ajiona ana titi kavu. Jioni, ajiona si mama hata kidogo.

Siku moja wakwe wako shambani, likaja zimwi limejifunga kanga kama mkunga. Zimwi hilo halimwezi mtoto mwenye mama.

"Mwanangu, mtoto huyu ana mama?"

"Anaye, bibi. Ni mimi."

"Ana mama?"

"Ni mimi, lakini... hata kumbeba sijui."

"Ana mama?"

Mwatime akachungulia mtungini, machozi yakamtoka. "Hana, bibi. Mchukue, kwako atapona."

Mtoto akapiga kelele, zimwi likamnywesha funda la maji ya mtungi anyamaze, likaenda naye.

Mwatime akainama mtungini anawe uso. Lo! Akajiona mkubwa kuliko nyumba, anang'aa, ana joto, wala hakuna mwingine duniani.

Akatoka mbio, akaita, akaita, akaita. Njia ilikwisha kuota nyasi.

Tangu hapo hamruhusu mtu kunywa mtungini. Hata yeye, kiu imkaushe koo, hanywi, asije akayapoteza macho yale ya mwanawe.

Hadithi imekwisha, maji yamebaki.