Kuku Mia wa Kibwana Shetufa

Katika mji mmoja wa pwani, Kibwana Shetufa alidaiwa riale kumi na mkwewe, tajiri Nasoro, naye hakuwa na mali ila kuku mia. Nasoro aliwatamani kuku wale, akamshtaki kwa kadhi.

"Njia ni tatu," alisema kadhi. "Ulipe kidogo kidogo, au mpatane akusamehe sehemu, au ufilisiwe, mali yako igawiwe wote wanaokudai, kila mmoja kwa kadiri ya deni lake."

"Nitalipa kidogo kidogo, Maulana. Yai moja kila Ijumaa."

"Yai!" alifoka Nasoro. "Mimi ni kicheche? Afilisiwe!"

"Basi nisamehe nusu, baba," alilia Kibwana, akijifuta machozi kwa ncha ya kilemba.

"Sikusamehei hata unyoya! Afilisiwe leo hii!"

Kadhi akaandika hukumu, akaipiga muhuri, kisha akauliza kama ilivyo ada: "Yuko mwingine anayemdai?"

"Niko mimi," ilijibu sauti nyuma ya pazia. Alikuwa Mwanatatu, binti Nasoro, mke wa Kibwana. "Mahari yangu, Maulana. Riale mia tisa na tisini, sijalipwa hata moja."

Kadhi alishtuka. "Nani aliyetaja mahari kubwa namna hiyo?"

Kibwana akamwinamia mkwewe kwa adabu. "Mwambie, baba. Siku ile ulikataa kupunguza hata riale moja."

Kadhi akapiga hesabu: riale kumi katika elfu, fungu la Nasoro ni moja katika mia.

Alasiri hiyo Nasoro alirudi kwake na kuku mmoja kwapani, naye alikuwa jogoo.